Ng'ambo ya Lualaba, Ng'ambo ya Nyota

Je, huko juu kuna watu? Usiku usio na mwezi, Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, swali hili huja lenyewe. Nyumba nyingi za maeneo hayo hazijafikiwa na waya wa umeme, kwa hiyo hakuna mwanga wa kushindana na anga. Nyota huonekana kwa maelfu, na ule ukanda mweupe unaokatiza anga, ambao wakazi wa Kinshasa au Nairobi hawauoni tena, huonekana wazi. Watoto ndio huuliza kwanza. Wakubwa nao huuliza, ila kwa sauti ya chini.

Jibu fupi ni hili: mpaka leo hakuna ushahidi uliothibitishwa wa kiumbe yeyote, mwenye akili au asiye na akili, nje ya Dunia. Jibu refu linapita mahali ambapo wasomaji wengi wasingetarajia. Linapita kwenye mto Lualaba, kwenye misitu ya kingo zake mbili, na kwenye historia ya Manyema yenyewe, leo mkoa wa Maniema.

Taa zinazopita si ushahidi

Kwanza yaondolewe yasiyohusika. Tangu mwaka 2019 kampuni ya SpaceX imekuwa ikirusha satelaiti za Starlink kwa makundi. Satelaiti ni chombo kinachozunguka Dunia bila kuanguka, na hizi, siku chache baada ya kurushwa, hupita zikiwa zimejipanga mstari mmoja wa taa. Anayeziona kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Sayari ya Zuhura nayo, inapong'aa upande wa magharibi baada ya jua kutua, imewadanganya hata marubani.

Yapo matukio magumu zaidi kueleza. Septemba 1994, wanafunzi wapatao sitini wa shule moja ya Ruwa, Zimbabwe, walisema waliona chombo kimetua karibu na uwanja wao. Wengi wao walibaki na maelezo yao hata utu uzima. Lakini simulizi, hata likiwa la mtu mkweli, haliachi kitu cha kupima. Mwezi Machi 2024 wizara ya ulinzi ya Marekani ilitoa ripoti iliyopitia miongo ya taarifa za aina hiyo, na haikupata hata moja inayothibitisha chombo cha viumbe wa nje. Anayetaka jibu la kweli inabidi alitafute kwingine.

Malighafi ipo kila mahali

Hadi mwaka 1995 hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba nyota zinazofanana na Jua letu zina sayari. Mwaka huo Waswisi wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, waliipata ya kwanza. Mwaka 2025 orodha ya sayari zilizothibitishwa ilivuka 6,000. Galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambalo Jua ni mojawapo, ina nyota zisizopungua bilioni 100, na nyingi kati yake zina sayari.

Mfano mmoja unawagusa Wakongomani kwa njia ya pembeni. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ilitangaza kwamba nyota ndogo iitwayo TRAPPIST-1 ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa Dunia. Iko umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5. Mwanga wa nyota hiyo unaofika leo uliondoka huko nchi hii ikiitwa Zaire.

Vipi kuhusu vitu vyenyewe, kaboni, oksijeni, chuma? Wataalamu wanapouchambua mwanga wa nyota za mbali hukuta elementi zilezile zilizoko hapa. Hata dhahabu inayochimbwa Namoya, katika eneo la Kabambare, haikutengenezwa duniani. Agosti 2017 vituo vya uchunguzi vilinasa mgongano wa nyota mbili zilizokufa, umbali wa miaka ya nuru milioni 130, na katika mabaki yake zikaonekana dalili za elementi nzito za jamii ya dhahabu zikizaliwa. Mchimbaji anayechekecha mchanga anashika masalia ya ajali za namna hiyo zilizotokea kabla Jua halijawaka.

Kwa ufupi: mahali pa kuishi pako tele, na malighafi ya uhai pia. Ugumu hauko hapo.

Maswali saba ya Drake

Mwaka 1960 Mmarekani Frank Drake alielekeza antena kubwa ya redio kwenye nyota mbili za karibu, akisikiliza kama kuna anayetangaza. Hakusikia mtu. Mwaka uliofuata aliligawa swali kubwa katika maswali madogo ambayo majibu yake yakizidishwa yanatoa idadi ya jamii zinazoweza kuwasiliana nasi:

- Nyota ngapi huzaliwa kila mwaka katika galaksi?
- Ngapi zina sayari?
- Sayari ngapi kwa kila nyota zinafaa kwa uhai?
- Kati ya hizo, uhai huanza kwa ngapi?
- Kati ya zenye uhai, ngapi hufikia akili?
- Kati ya wenye akili, wangapi hujenga mitambo ya kuwasiliana?
- Nao hudumu kwa muda gani?

Matatu ya mwanzo yana majibu mazuri sasa. La nne linatafutiwa jibu kwenye udongo wa Mirihi na kwa darubini ya angani ya James Webb. Matatu ya mwisho ndiyo hubishaniwa bila kikomo, na mabishano hayo hufanyika kana kwamba hakuna pa kuanzia. Papo. Dunia yenyewe imefanya majaribio kadhaa ya kuumba akili, na mojawapo ya yaliyo wazi zaidi limefanyika Kongo.

Mto uliogawa ukoo mmoja

Upande wa kulia wa mto Lualaba na Kongo, katika misitu inayoelekea Itombwe na Ziwa Tanganyika, wanaishi sokwe. Upande wa kushoto wanaishi bonobo. Bonobo ni mnyama wa Kongo peke yake, hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote. Sayansi haikumtambua mpaka mwaka 1929, baada ya Ernst Schwarz kulichunguza fuvu lililokuwa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, likidhaniwa ni la sokwe mdogo. Wakazi wa msituni walikuwa wamemjua siku zote.

Wanyama hawa wawili walitoka kwa babu mmoja. Kati ya miaka milioni moja na mbili iliyopita, kundi moja lilijikuta ng'ambo ya pili, na kwa kuwa hawajui kuogelea, mto ukawatenga. Walianza na ubongo uleule na mikono ileile, katika misitu inayofanana. Kilichotokea baadaye ni somo kubwa.

Kwa sokwe, madume ndio watawala. Hulinda mipaka, na wakimkuta jirani akiwa peke yake huweza kumuua. Katika hifadhi ya Gombe, karibu na Kigoma, Jane Goodall na wenzake walishuhudia kati ya 1974 na 1978 kundi moja likiliangamiza jingine, dume mmoja baada ya mwingine. Kwa bonobo, majike ndio wenye kauli. Makundi mawili yakikutana hupiga kelele, kisha mara nyingi hukaa pamoja. Katika kituo cha Lola ya Bonobo karibu na Kinshasa, kilichoanzishwa na Claudine André, majaribio yameonyesha bonobo akimfungulia mlango asiyemjua ili wale pamoja.

Sokwe wa porini ni fundi. Mwaka 1960 Goodall alimwona mmoja akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa limejaa mchwa. Bonobo wa porini hutumia zana mara chache sana. Lakini Kanzi, bonobo aliyezaliwa Marekani mwaka 1980 na kufa Machi 2025, alijifunza mamia ya alama za kuwasiliana, akaelewa sentensi za Kiingereza ambazo hakuwahi kuzisikia, na akafundishwa kugonga jiwe mpaka likatoa ncha ya kukatia kamba. Uwezo ulikuwamo. Maisha ya msituni hayakuudai.

Na habari za akili hizi zilianza kuandikwa Manyema mapema. Msafiri Mskoti David Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi kati ya 1870 na 1871, miguu imejaa vidonda, akisubiri watu na dawa. Katika shajara yake aliandika habari za wanyama walioitwa soko, yaelekea sokwe, waliowindwa katika misitu ya jirani. Alipewa mmoja mchanga ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Aliandika kwamba alikuwa akinyoosha mkono ili abebwe, na akikataliwa alilia kama mtoto wa mtu. Mzee yule mgonjwa hakuwa anatafuta akili nyingine. Ilimnyooshea mkono.

Kwa nini hili ni muhimu kwa anayetazama nyota? Kwa sababu watu wengi hudhani akili ni ngazi moja: chini mdudu, juu zaidi nyani, kileleni binadamu, na kwamba kiumbe akipewa muda wa kutosha lazima apande. Lualaba inakanusha. Ukoo mmoja, mto mmoja, zaidi ya miaka milioni moja, na zimetokea tabia mbili tofauti kabisa, bila upande wowote kuonyesha dalili ya kuelekea kwenye redio. Akili haina njia moja.

Akili nyingi, redio moja

Ushahidi hauishii kwa jamaa zetu wa karibu. Kasuku wa kijivu, yule yule wa misitu ya Maniema ambaye biashara ya kumtega imempunguza sana hadi mataifa yakapiga marufuku mwaka 2016 kumuuza nje akiwa wa porini, ana akili ya kushangaza. Alex, kasuku aliyefundishwa na Irene Pepperberg huko Marekani hadi alipokufa mwaka 2007, alitaja rangi na maumbo na kuhesabu hadi sita. Babu wa mwisho wa pamoja kati ya ndege na binadamu aliishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Pweza yuko mbali zaidi, na bado hufungua chupa na kukumbuka sura. Akili zao zilijengwa kivyake, kwa ubongo wa muundo mwingine.

Kwa hiyo, kwa swali la tano la Drake kuna sababu ya matumaini. Katika sayari hii moja akili imechipuka mara kadhaa, katika mazingira tofauti kabisa.

Swali la sita ndilo linalokatisha tamaa. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5. Kwa sehemu kubwa ya muda huo uhai ulikuwa vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, zilizopatikana Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, Kenya, zina miaka milioni 3.3. Redio ina miaka 130 hivi. Kati ya mamilioni ya aina za viumbe waliowahi kuishi, ni mmoja tu aliyetuma wimbi la redio, tena juzi.

Nini kilimtofautisha? Huenda ni uwezo wa kuweka maarifa nje ya kichwa ili mwingine ayachukue. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa mdogo wenye umri wa miaka 20,000 hivi, umechorwa mistari kwa makundi. Safu yake moja ina makundi ya mistari 11, 13, 17 na 19. Hizo ni namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Wataalamu hawakubaliani: wengine wanaona hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine bahati tu. Lakini aliyeichora mistari ile aliacha fikra yake mahali ambapo mtu mwingine angeikuta.

Namba tasa zilitumika tena tarehe 16 Novemba 1974, wakati darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilipotuma ujumbe kuelekea kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru 25,000 hivi. Ujumbe ulikuwa na alama 1,679, kwa sababu namba hiyo inapatikana kwa kuzidisha 23 na 73, zote tasa. Mpokeaji yeyote anayejua hesabu angeweza kuzipanga alama hizo kwa safu na kuona picha. Waliotuma walichagua hesabu kwa kuwa haina kabila wala sayari.

Kwa ufupi: akili si adimu sana duniani. Akili inayojenga mitambo imetokea mara moja, na haikuwa lazima itokee.

Mbona kimya?

Mwaka 1950 mwanafizikia Enrico Fermi, akila chakula cha mchana na wenzake huko Los Alamos, Marekani, aliuliza: kama wako wengi, mbona hatuwaoni? Galaksi ni kongwe kuliko Dunia, na jamii iliyotangulia kwa miaka milioni kumi ingekuwa imeshaenea.

Inafaa kukumbuka Los Alamos ni mahali gani. Ndipo lilipotengenezwa bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya uranium yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Swali la Fermi liliulizwa mahali ambapo binadamu walikuwa wamepata njia ya kujimaliza, kwa jiwe lililotoka Kongo. Swali la saba la Drake, la muda, ndilo hilo. Ikiwa kila jamii inayofikia redio hufikia pia bomu, na nyingi hazivuki, anga litakuwa kimya hata kama akili ni nyingi.

Kuna maelezo mengine ya kawaida zaidi: bado hatujasikiliza vya kutosha. Jill Tarter, mmoja wa waliotumia maisha yao katika kazi hii, alifananisha uchunguzi wote uliofanyika na kuchota bilauri moja ya maji ya bahari. Mtu akichota bilauri ya Lualaba pale Kasongo, akakuta haina samaki, hawezi kutangaza kwamba mto hauna samaki. Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye antena 64, sasa inatumika pia kwa msako huu, na Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi mkubwa zaidi wa darubini za redio, SKA, ambao sehemu yake inajengwa hukohuko.

Ishara moja bado inasumbua. Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya Ohio, Marekani, ilinasa mlio mkali wa redio uliodumu sekunde 72. Jerry Ehman, aliyesoma karatasi ya matokeo, aliandika pembeni neno la mshangao. Imetafutwa mara nyingi tangu hapo. Haijarudi.

Msikitini na kanisani

Kasongo ni mji mkongwe wa Kiislamu na pia makao ya jimbo Katoliki, kwa hiyo swali la imani halikwepeki. Kurani, katika sura ya 42, aya ya 29, inataja viumbe ambavyo Mungu amevitawanya katika mbingu na ardhi, na wako wanaoiona aya hiyo kuwa inaacha mlango wazi. Kwa upande wa Wakatoliki, padri José Gabriel Funes, akiwa mkuu wa kituo cha uchunguzi wa anga cha Vatikani, alisema hadharani mwaka 2008 kwamba kuamini kuwepo kwa viumbe wengine hakupingani na imani. Muumini hapaswi kuogopa kuuliza.

Wageni walipofika Manyema

Linabaki swali ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani hulijadili kama jambo la kufikirika tu: tuwaite walio huko nje? Mwaka 2010 Stephen Hawking alionya kwamba kukutana na wenye nguvu kuliko sisi kunaweza kutuangamiza. Alitoa mfano wa Columbus. Msomaji wa Kasongo hahitaji kwenda mbali hivyo.

Katika miongo ya katikati ya karne ya 19, misafara kutoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika ikafika Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Wageni walileta nguo, shanga, mpunga, lugha iliyotumika kuandika makala haya, na dini. Walileta pia bunduki, na walitaka pembe za ndovu na watu. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko Nyangwe, watu wa misafara walifyatua risasi katikati ya akina mama waliokuja kuuza samaki na mihogo. Livingstone alikuwapo, na makadirio aliyoyaandika yalikuwa waliokufa kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama Lualaba. Kufikia 1875 hivi mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alikuwa amejikita Kasongo. Aprili 1893 jeshi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji chini ya Francis Dhanis liliuteka mji, na wageni wa pili wakaja na madai yao.

Funzo la historia hii halifanani kabisa na la Hawking. Madhara hayakutoka kwenye tofauti ya akili, kwani pande zote zilikuwa na akili sawa. Yalitoka kwenye tofauti ya silaha na kwenye nia ya waliokuja. Na mabaki ya mkutano ule si maangamizi tu. Kiswahili cha Maniema ni lugha ya nyumbani, si ya wageni tena. Lakini waliokuwapo sokoni siku ile hawakuulizwa kama wanataka mkutano wenyewe.

Ndiyo maana suala la nani anajibu kwa niaba ya Dunia lina uzito. Mwaka 1989 wanasayansi wa msako huu walikubaliana kanuni: anayesikia ishara aithibitishe kwanza, kisha autangazie ulimwengu wote, na asijibu mpaka mashauriano ya kimataifa yafanyike. Kanuni hizo si sheria. Yeyote mwenye antena kubwa anaweza kuzivunja leo usiku.

Na kwa sehemu zimeshatanguliwa. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, vimebeba kila kimoja sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Katika muziki uliochaguliwa umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, uliorekodiwa na Colin Turnbull, usiofikia dakika moja. Voyager 1 ilitoka katika eneo la upepo wa Jua mwaka 2012, na itachukua miaka 40,000 hivi kupita jirani na nyota nyingine. Sauti ya mashariki mwa Kongo imeshatumwa. Mashauriano kuhusu nani atajibu, na kwa maneno ya nani, bado hayajapata kikao ambacho watu wa Kasongo na Kabambare wamealikwa.